Safari ya Leicester na Sadaka ya Njiani

Alhamdulillahi, Mwenyezi Mungu alitujaalia mwezi wa Desemba kwenda Uingereza kumzuru binti yetu, aliyeolewa katika mji wa Leicester. Mji huo uko kaskazini ya London, mwendo wa saa moja na kidogo kwa treni, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2021 zaidi ya mtu mmoja katika kila watano wa mji huo alikuwa Mwislamu. Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu jambo moja lililotupata huko, kwani ndani yake mna mafunzo kwa kila nyumba.

Majira hayo jua la huko huchwa kabla ya saa kumi jioni, na baridi yake hupenya mifupa. Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumesimama mlangoni mwa msikiti katika mtaa wa Highfields, mvua yanyesha, nasi twafunga vifungo vya koti. Akatujia kijana mmoja mwenye ufunguo wa gari mkononi, akatwambia kwa Kiingereza: "Uncle, shall I run you home?"

Kiingereza chetu ni kile cha shule ya msingi. Twajua kuwa "run" ni kukimbia na "home" ni nyumbani. Basi tukadhani kijana atufanyia mzaha, ya kwamba ataka kutukimbiza hadi nyumbani kama mbuzi aliyeingia shambani mwa watu. Tukamjibu kwa ukali, mbele ya wenziwe, kwamba mtu wa umri wetu hakimbizwi. Akainamisha kichwa, akaingia garini mwake, akaenda zake. Nasi tukaenda kwa miguu, tukarowa chapa.

Usiku wa pili tulimsimulia habari hiyo mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Jinja, Uganda, ambaye Kiswahili chake hakijamtoka. Alicheka, kisha kicheko kikamkatika. "Maalim," alisema, "kijana yule alitaka kukupakia garini akufikishe nyumbani, basi. Ndivyo wasemavyo hapa. Naye ndiyo kwanza amerudi msikitini baada ya miaka mingi. Leo sikumwona."

Tulisikia haya kubwa. Tena tulikumbuka kuwa na sisi kwetu twasema mgonjwa amekimbizwa hospitali, wala hatuna maana kwamba amekimbia kwa miguu yake! Mwenye lugha hayaoni maajabu ya lugha yake.

Mzee yule alikaa nasi akatufunza maneno ya Waingereza katika mlango huu. Neno lao kubwa ni "lift", yaani kuinua, nalo ndilo tulilolichukua tukaliita lifti. Wamarekani husema "ride", kupanda. Watoto wa Uingereza huita "backie" kule kupakiwa nyuma ya baiskeli, jambo ambalo sheria yao ya mwaka 1988 yalikataza, ila kwa baiskeli iliyotengenezwa kuchukua zaidi ya mtu mmoja. Na wakisema wamempa mtu "leg up", asili yake ni kumpandisha mtu juu ya farasi: mpandaji hukunja goti, na msaidizi humshika chini ya goti akamwinua mpaka akakaa juu ya tandiko. Leo husema hivyo hata kwa mtu aliyesaidiwa kupata kazi, kama sisi tusemavyo fulani amepigwa jeki.

Tuliposikia habari ya kumpandisha mtu juu ya farasi, moyo wetu ulirudi chuoni. Imepokewa na Abu Huraira, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alifunza kuwa kila kiungo cha mwanadamu chadaiwa sadaka kila siku jua lichomozapo, na miongoni mwa sadaka hizo akataja kumsaidia mtu kupanda mnyama wake, au kumpandishia mzigo wake. Naye mwenyewe katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, alimpakia Usama bin Zaid nyuma yake kutoka Arafa hadi Muzdalifa, kisha akampakia Fadhl bin Abbas kutoka Muzdalifa hadi Mina. Wote wawili walikuwa vijana.

Mzee wetu akaongeza yake. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Baraza la mji wa Leicester lilitia tangazo katika gazeti la Uganda kuwasihi wasiende huko. Zaidi ya watu 27,000 waliingia Uingereza, na wengi walikwenda Leicester vivyo hivyo, wakafungua maduka na viwanda. Leo barabara ya Belgrave Road yajulikana Uingereza nzima kwa maduka yao. "Mji haukutaka kutupakia," alisema, "lakini baba yangu alipotoka kambini hana ila koti la kupewa, Mwingereza mmoja wa lori alisimama akamfikisha hapa. Hatukulijua jina lake. Mpaka leo twamwombea heri."

Msomaji mpenzi, maneno hayo yalituchoma. Mtu wa lori alisimamia mgeni asiyemjua, nasi tulimfukuza ndugu yetu aliyetusimamia. Twawafundisha watoto kutoa sadaka, lakini ni mara ngapi tumewafundisha kuipokea? Anayekataa kwa kiburi humfungia mwenziwe mlango wa thawabu.

Siku tatu hatukumwona kijana yule. Usiku wa nne tulimwona katika safu ya mwisho. Baada ya sala tulimwendea mbele ya wenziwe wale wale, tukamwomba radhi, kisha tukamwambia kwa Kiingereza chetu kibovu kwamba twaomba lifti. Mvua haikuwako usiku ule, na nyumba ya binti yetu haikuwa mbali. Tungaliweza kwenda kwa miguu. Alitufungulia mlango, akatuwekea mkoba wetu kiti cha nyuma, na njia nzima alituuliza habari za chuo chetu. Tulipoteremka alitwambia: "Kesho tena, Uncle?"

Tukamjibu: Inshaallah.