Glavu za Viti vya Gari

Mimi ndiye yule mfupi wa Kidato cha Tatu ambaye gwarideni huwekwa mbele kabisa. Mwaka jana nilipoandika jina langu kwenye orodha ya watakaokwea Mlima Kenya, darasa zima liliangua kicheko. "Wewe? Si utabebwa na upepo!" Nikaenda kulifuta. Mwalimu wetu wa Kiswahili akanikuta na kalamu mkononi. Hakunikemea, alinitajia jina tu: Junko Tabei.

Nilimsaka maktabani mpaka nikampata. Alizaliwa Miharu, Japani, mwaka wa 1939, mtoto dhaifu ambaye kimo chake hakikupata kufika futi tano. Mlima wa kwanza alipanda na mwalimu wake akiwa na miaka 10. Mwaka wa 1969 alianzisha klabu ya wanawake wapanda milima, maana kuna wanaume waliokataa katakata kukwea naye.

Halafu wakataka Everest. Wee! Walipoomba fedha waliambiwa wakae nyumbani walee watoto (na kweli Tabei alikuwa na binti mdogo). Basi akafundisha piano ili apate pesa, akachukua vitambaa vya kufunikia viti vya gari akashona glavu. Wanafunzi nao wakamkusanyia vipakiti vya jamu. Hapo ndipo niliposoma mara mbili, kwa kuwa mamangu ni fundi wa cherehani.

Tarehe 4 Mei 1975, usiku, theluji iliporomoka ikafunika hema lao. Tabei alizimia dakika kama sita, Masherpa wakamfukua. Hata kutembea ilikuwa shida. Lakini alikataa kuteremka, na siku kumi na mbili baadaye alikuwa karibu na kilele akitambaa kwenye ukingo wa barafu mwembamba kama makali ya kisu, kifua upande wa Uchina, miguu upande wa Nepal. Alikasirika ajabu, ati waliotangulia hawakuandika popote kuhusu ukingo huo! Tarehe 16 Mei, pamoja na Ang Tsering, alisimama mita 8,848 juu, mwanamke wa kwanza duniani kufika huko. Mwenyewe alipenda kusema yeye ni mtu wa 36.

Mwaka wa 1980 alikuja hapa jirani akapanda Kilimanjaro, na kufikia 1992 alikuwa amemaliza vilele vya juu vya mabara yote saba, mwanamke wa kwanza tena. Julai 2016, akiugua saratani, bado alikuwa Mlima Fuji na wanafunzi wa sekondari wa Fukushima. Alifariki Oktoba mwaka huohuo.

Nami? Nilifika kambi ya Shipton, mita 4,200. Kichwa kikaniuma vibaya, nikatapika, nikateremshwa huku wenzangu wakiendelea hadi Lenana. Glavu ambazo mama alinishonea kwa blanketi kuukuu, moja ilipotelea huko juu. Orodha ya mwaka huu ilibandikwa Jumatatu. Mama ameshakata kitambaa cha nyingine.