Kabla Hujatuma Hela ya Fundi

Ukitaka kujua kwa nini pikapu kuukuu ya Toyota hutengenezwa kwa njia moja Columbus, Ohio, na kwa njia nyingine kabisa Muheza, Tanga, usianze na injini. Anza na bei ya saa moja ya fundi. Huku niliko, Columbus, gereji nyingi hutoza zaidi ya dola 100 kwa saa, spea hazijahesabiwa. Muheza, fundi anaweza kushinda chini ya gari tangu asubuhi hadi alasiri, na bado spea ndiyo itakayokula hela nyingi kuliko yeye. Hapo ndipo yanapotokea mengine yote: nani ashike spana, kipi kitupwe, kipi kifufuliwe, na kumbukumbu za gari zikae wapi.

Pikapu ninazozilinganisha ni mbili. Yangu ni ya mwaka 1993. Wamarekani waliacha kutumia jina la Hilux tangu miaka ya 1970, kwa hiyo hii huitwa Toyota Pickup tu, mpaka Tacoma ilipochukua nafasi yake mwaka 1995. Injini yake ni 22R-E ya petroli, silinda nne, cc 2,366, na nozeli zake zinaongozwa na kompyuta ndogo. Ya mjomba wangu, inayobeba machungwa Muheza, ni Hilux yenye injini ya 3L: dizeli, cc 2,779, pampu ya kimakenika, kompyuta hakuna. Natamani dizeli kama ile, lakini kisheria kuileta huku si rahisi. Tangu mwaka 1964 Marekani inatoza ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo yanayotoka nje, na gari ambalo halikuundwa kwa viwango vya huku haliruhusiwi kuingia kirahisi mpaka litimize miaka 25. Majirani zetu Kenya nao hawapokei gari lililozidi miaka minane. Mmoja anakataa gari kwa sababu limezeeka, mwingine analikataa mpaka lizeeke.

Huku, mtu wa ofisini kulala chini ya gari lake Jumamosi ni jambo la heshima. Maduka ya spea hukuazima vifaa vya kazi: unaweka amana, ukirudisha unapewa hela yako. Kuna yadi za magari chakavu ambako unalipa kiingilio kidogo, unaingia na sanduku lako la spana, unafungua mwenyewe kioo au swichi uliyoifuata. Kitabu cha kiwandani kinapatikana, chenye vipimo vyote: nafasi ya valvu za 22R-E, injini ikiwa ya moto, ni milimita 0.20 upande wa hewa na 0.30 upande wa moshi. Kikwazo ni mahali pa kufanyia kazi, maana mikataba mingi ya nyumba za kupanga inakataza kutengeneza gari kwenye maegesho.

Kwetu, mwenye gari akionekana na oili mpaka kwenye viwiko, jirani humpa pole: "Vipi, fundi hajaja?" Gari ni kazi ya fundi, tena mafundi wamegawana. Umeme una wake, springi zina wake, radieta ina wake, bodi na rangi vina wao. Ukienda Gerezani, Dar es Salaam, utawakuta wamepangana mtaa mmoja, na mwenye gari kazi yake ni kuzunguka na kulipa.

Tofauti iliyonifundisha zaidi ni namna ya kutafuta ugonjwa. Magari madogo yote mapya yanayouzwa Marekani yamelazimika tangu mwaka 1996 kuwa na tundu moja la kuchomeka mashine ya kusoma hitilafu. Yangu ni ya kabla ya hapo. Ndani ya boneti kuna kiboksi chenye vishimo. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kupiga stata, kisha unatazama taa ya injini ikipepesa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni 22: njia ya umeme ya sensa ya joto la maji. Wengi hukimbilia dukani hapo hapo. Lakini taa imetaja njia, haijataja kifaa. Huenda sensa ni nzima na waya ndio umekatika. Basi unaifungua sensa, unaitumbukiza kwenye maji yanayopashwa moto, unaipima kwa mita: kwenye nyuzi 20 inapaswa kusoma kati ya omu 2,000 na 3,000, kwenye nyuzi 80 ishuke hadi kati ya 200 na 400. Ikipita mtihani huo, irudishe mahali pake ukafuate waya.

Fundi wa mjomba hana taa ya kumpepesea. Ana masikio, na ana moshi. Moshi mweusi humwambia mafuta yamezidi au hewa haitoshi, na kwenye barabara za vumbi anaanza na chujio la hewa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe asubuhi, injini ikigoma kuwaka, humpeleka kwenye hita plagi: anaifungua, anaigusisha na betri, anaangalia kama ncha itaiva kuwa nyekundu. Kama hewa imeingia kwenye mafuta, anabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio, analegeza nati za mabomba ya nozeli, anapiga stata mpaka dizeli itoke bila mapovu. Kazi hiyo haihitaji hata kipande kimoja kipya.

Twende kwenye spea. Alteneta ikifa huku, unanunua nyingine iliyokwisha kukarabatiwa. Dukani wanakutoza na amana, ambayo utarudishiwa ukipeleka ile mbovu. Kwa hiyo anayesema Wamarekani hawatengenezi, wanabadilisha tu, hajafuatilia ile mbovu inakokwenda. Inakwenda kiwandani, inafunguliwa, inawekewa brashi na beringi mpya, inarudi dukani ndani ya boksi. Utengenezaji upo, ila umehamishwa mbali na macho ya mwenye gari. Kwetu unafanyika mbele yako: fundi umeme anaisuka upya ukiwa umekaa kwenye benchi. Fundi radieta anachomelea pale panapovuja badala ya kuuza radieta nzima. Gasketi ikikosekana, fundi anaweka karatasi ya gasketi juu ya chuma chenyewe na kugongagonga pembezoni kwa nyundo mpaka umbo linakatika. Hata oili chafu, ambayo mimi nairudisha dukani ikakusanywe, kwetu hupakwa kwenye nguzo kuzuia mchwa.

Maadui nao ni tofauti. Huku ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Inakula chesi kutoka ndani, inagandisha bolti, na kazi ya dakika chache inageuka ya siku nzima ya kumwagia oili ya kulegeza na kupasha moto. Kwa hiyo kabla ya kununua pikapu kuukuu huku, sikiliza injini baadaye. Kwanza ingia chini ugonge chesi kwa nyundo. Muheza adui ni mzigo na mashimo: bushi, shokapu, majani ya springi. Mafuta nayo yamewahi kuwa adui, enzi dizeli ilipochanganywa na mafuta ya taa, mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba vya kuyatambua mafuta mwaka 2010.

Na kila injini ina ugonjwa wake wa kuzaliwa. 22R-E ina mnyororo wa taimingi unaopita kwenye vielekezi vya plastiki. Plastiki ikivunjika, mnyororo hugonga kila unapowasha asubuhi, kisha unaanza kuisaga kava mpaka unaifikia njia ya maji, na oili inakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Anayeusikia mapema ule mlio anabadilisha mnyororo. Anayeupuuza ananunua injini. Ile 3L inatumia belti, na Toyota waliiwekea taa ya T-BELT inayowaka kila kilomita 100,000. Taa hiyo huzimwa kwa mkono baada ya kubadilisha belti. Tatizo ni kwamba inaweza kuzimwa hata belti isipobadilishwa.

Nilimpigia mjomba kumuuliza.

"Shikamoo mjomba. Ile belti ilibadilishwa lini?"

"Marahaba mjomba. Aliibadilisha yule fundi wa kwanza, kabla hajahamia Tanga mjini."

"Kilomita ngapi?"

"Hiyo umuulize yeye."

Hapo ndipo kwetu panapovuja. Ufundi upo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa ikiwapa vyeti mafundi waliojifunzia gerejini kwa kuthibitisha wanachokijua. Lakini historia ya gari inakaa kichwani mwa fundi, akihama anahama nayo, na anayemfuata anaanza kubahatisha kwa hela za mwenye gari. Yangu ina daftari ndani ya dashibodi: tarehe, kilomita, kilichopimwa, kilichofungwa.

Sitaki kumhukumu mjomba, maana utulivu wangu wa kupima kimoja kimoja una mwenyewe anayeulipia: mshahara wa kazi nyingine. Pikapu yangu ikikaa juu ya stendi mwezi mzima, nitapanda basi. Ya mjomba ikilala siku mbili, machungwa yanaoza na wateja wanahama. Fundi anayefunga spea tatu kwa mpigo gari litoke leo hafanyi hivyo kwa ujinga. Anakimbizana na soko. Ila daftari halichelewi kuandikwa. Mstari mmoja unamalizika kabla fundi hajanawa mikono.

Na sisi tulio nje tunahusika kuliko tunavyokiri. Sauti za injini tunatumiwa kwa WhatsApp, zikifuatiwa na bei: pampu imekufa, tuma. Tunatuma, kwa sababu kutuma ni kwepesi kuliko kuuliza. Wiki ikipita moshi ni ule ule, maana pampu haikupimwa, ilishukiwa. Kungeanzwa na kusafisha nozeli au kubadilisha chujio la dizeli, kwa gharama ndogo mno.

Mimi sasa natuma kwa sharti. Kabla ya hela nauliza kimepimwa nini na kimesomaje, na baada ya kazi nataka picha ya ukurasa wa daftari wenye kilomita. Mara ya kwanza mjomba alinuna. Alibadili mawazo alipotaka kuuza gari lake jingine, na mnunuzi akaacha kushusha bei alipoonyeshwa belti ilifungwa lini. Fundi naye hajalalamika: akiulizwa kimepimwa nini, analipwa pia kwa kupima.