Paka Wetu na Bakuli la Maji

Huenda baadhi yenu mkaona ajabu kuwa mwalimu wa chuo, mtu wa miaka hamsini na kitu aliyetumia umri wake katika kuwafundisha watoto alifu na bee, leo ameshika kalamu kuandika habari za paka na maji. Walakini katika nyumba nyingi za Waislamu paka yumo, na palipo na paka aghalabu pana bakuli lililopinduka, na mama mwenye kunung'unika, na msala uliorowa. Jambo hili dogo lilinifikisha mahali ambapo sikutaraji kufika, nami nitalieleza kama lilivyokuwa, bila ya kujisitiri.

Nakaa Ng'ambo, mjini Unguja. Ukumbi wa mbele wa nyumba yangu ndio chuo: majamvi chini, marufaa ukutani, na watoto wapatao thelathini wanaokuja jioni baada ya skuli. Miaka mitatu iliyopita mjukuu wangu, ambaye sasa ana miaka tisa, aliokota mtoto wa paka dume kichochoroni siku ya mvua, akamleta nyumbani amemfunika kwa kanga ya bibi yake. Tukamwita Sharubu. Alipokuwa mkubwa akawa hodari wa kukamata panya, mwenye tabia njema katika mambo yote illa moja, nalo ni maji.

Sijapata kuona kiumbe mwenye makuu kama yule katika habari ya maji. Ukimwekea bakuli atalizunguka, atalinusa, kisha atatumbukiza mkono wake wa kulia kama mtu anayepima joto la maji ya kukoga. Atalamba matone mawili matatu kwenye vidole, na mengine yote atayatawanya sakafuni. Akichoka na mchezo huo atalisukuma bakuli mpaka lipinduke. Maji ya mfereji yaliyotoka punde hivi hayataki. Yaliyolala hayataki vile vile. Anayoyataka ni yale yasiyo yake: ya ndoo ya udhu, ya kopo la wageni, na yale yanayodondoka chini ya mtungi.

Nilistahimili kwa muda mrefu. Hata alasiri moja, katikati ya msimu wa kaskazi, bakuli lilipinduka ukutani mwa uwa, maji yakapita chini ya mlango, yakaingia chuoni na kulirowesha jamvi pamoja na mkoba wa mtoto mmoja ambaye mama yake ni mjane muuza maandazi. Ndani ya mkoba mlikuwa na juzuu. Tulipoitoa, kurasa zilikuwa zimevimba na kugandana. Mtoto yule hakulia, alinitazama tu, na kunitazama kwake kulinikera kuliko kilio.

Nilighadhibika. Nikaamuru kuwa tangu siku ile pasiwe na bakuli la maji ya paka ndani ya nyumba. Mtungi ufunikwe na kuwekewa jiwe, ndoo zote zifunikwe, na paka akitaka maji atoke nje akatafute kama wenzake. Mke wangu akasema, "Maalim, nje kuna maji gani kaskazi hii?" Sikumjibu. Chakula chake siku zile kilikuwa dagaa wakavu, hawa tunaowajua sote, ambao huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa juani. Nilimwona Sharubu akilamba ukuta wa bafuni penye unyevu, nikacheka.

Siku kumi hivi baada ya hapo nilikuwa nikiwasomesha watoto habari za huruma kwa wanyama, na nikawasimulia Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia asimlishe wala asimnyweshe, wala asimwache akajilia wadudu wa ardhini. Hadithi hii nimeisomesha kwa muda wa miaka thelathini, na watoto huipenda kwani wote wanawajua paka. Mjukuu wangu akanyoosha mkono. Chuoni huniita Maalim kama wenzake.

"Maalim, yule mwanamke alimnyima maji pia?"

Nikamwambia ndiyo, maji yametajwa.

"Na Sharubu je?"

Chuo kizima kikanyamaza. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikajibu kama wakili: kwamba mwanamke yule alimfungia paka wake, ama wetu hakufungiwa, mlango u wazi, basi kesi hizi mbili ni mbalimbali. Mtoto akasema "Naam, Maalim," akainama kwenye juzuu yake. Kwa sura ya dhahiri maneno yangu yalikuwa ya sawa, ndiyo maana niliyasema kwa sauti kubwa.

Usiku wa pili yake, baada ya Isha, tulimsikia Sharubu akilia uwani kwa sauti tusiyoizoea. Tukamkuta amechutama penye mchanga wake, anajikakamua kutaka haja ndogo na hapati kitu. Anaondoka hatua mbili, anajilamba, anarudi tena kuchutama. Tumbo lake lilikuwa gumu kama limau, na alipoguswa alipiga kelele. Mke wangu alidhani amefunga choo, akataka kumpa mafuta. Alhamdulillahi hatukungoja asubuhi. Mwanangu alimpigia simu daktari wa mifugo, naye aliposikia kuwa ni dume na kwamba hapati haja ndogo, akatuambia tumlete usiku ule ule.

Naomba wasomaji wenye paka dume mnisikilize hapa, kwani sikulijua jambo hili, na nadhani wengi hawalijui. Njia ya haja ndogo ya paka dume ni nyembamba mno. Mkojo wake ukiwa mzito, hufanyika chembechembe kama mchanga, na chembe hizo pamoja na ute huweza kuiziba njia kabisa. Ikizibika, sumu ambayo ingetoka na mkojo hurudi mwilini, na mnyama huweza kufa kwa siku moja mbili. Si maradhi ya kungojea wala ya kutibiwa kwa mafuta ya nyonyo. Daktari alimlaza kwa dawa, akapitisha mrija mwembamba, akaizibua njia; Sharubu akakaa kwake siku tatu. Fedha niliyolipa ingetosha kununua juzuu za chuo kizima.

Nilimwuliza daktari kama ni mimi niliyemwua nusu paka yule. Alikuwa mtu mwenye adabu, kijana wa umri wa mwanangu. Akasema, "Mzee wangu, sababu za maradhi haya ni nyingi, lakini maji machache ni mojawapo." Nikafahamu.

Kisha akanieleza tabia ya paka, nami nikakaa kumsikiliza kama mwanafunzi. Asili ya paka wetu wa majumbani ni paka-mwitu wa nchi kavu. Wataalamu waliochunguza nasaba za paka waliandika mwaka 2007 kuwa wote wanarudi kwa paka-mwitu wa Mashariki ya Karibu. Mnyama wa namna hiyo maji yake mengi huyapata ndani ya mawindo yake, kwani katika mwili wa panya, au ndege, au samaki mbichi, karibu sehemu saba katika kumi ni maji. Kwa hiyo kiu yake ni ndogo kuliko haja yake. Paka wa kilo nne anahitaji kadiri ya mililita mia mbili kwa siku, pamoja na yaliyomo ndani ya chakula. Yaani kikombe kimoja cha chai. Akilishwa vitu vibichi hupata mengi humo humo. Akilishwa vikavu, sembuse vya chumvi, lazima anywe, naye si mtu wa kunywa.

Na ule mkono wa kulia? Kumbe paka, pamoja na kusifiwa macho yake ya usiku, haoni sawasawa kitu kilicho karibu mno na pua yake, na maji yaliyotulia ndani ya bakuli jembamba hayajui yameishia wapi. Akiyatikisa kwa mkono huyaona. Ama kwa ulimi hana uchafu wowote. Mwaka 2010 wataalamu huko Marekani walimpiga paka picha za kasi anapokunywa, wakakuta kuwa hachoti kwa ulimi. Ncha ya ulimi huyagusa maji juu juu tu na kurudi kwa haraka, maji yakafuatia kama uzi, naye hufunga kinywa kabla uzi haujakatika. Na hivyo hufanya mara tatu au nne kwa sekunde moja. Niliposikia haya nilisema Subhanallah. Mlevi wa maji niliyemfukuza nyumbani ndiye mnywaji mwenye adabu kuliko sisi sote, ila chombo nilichompa hakikumfaa.

Basi tukarudi nyumbani na kuanza kujaribu. Mke wangu alianza na maziwa, na hilo lilikuwa kosa, kwani paka wakubwa wengi hawawezi kuyasaga maziwa ya ng'ombe, akahara. Kopo refu tulilidhani halitapinduka. Likapinduka kuliko yote. Bakuli la plastiki alilikataa kwa harufu. Sahani ya bati aliitaka siku mbili, akaiacha, na hatukujua sababu mpaka mjukuu wangu alipotambua kuwa tuliiweka karibu na chakula. Paka wengi hawapendi maji yaliyo ubavuni mwa chakula, wala karibu na mchanga wao wa haja. Na ukitafakari, hata sisi hatupendi.

Kilichofaa ni mkungu wa udongo, mpana, usio na kina, mzito kiasi cha kutosukumika, uliokuwa ukifunikia chungu cha marehemu mama yangu. Tuliuweka pembeni mwa uwa, penye mwangaza, mbali na mlango wa chuo. Chini yake tukatia sinia kuukuu lenye ukingo. Maji hujazwa mpaka karibu na mdomo, ili aone mwisho wake bila ya kuinamisha uso mzima na kubana sharubu zake, na hubadilishwa asubuhi na jioni. Hatuubandui mahali pake, kwani paka hapendi chombo kinachohamahama. Dagaa nao siku hizi huoshwa, huroweshwa, kisha huchemshwa upya bila ya chumvi, naye hupewa pamoja na mchuzi wake mwepesi. Kina mama wajihadhari: mchuzi huo usitiwe kitunguu wala kitunguu saumu, vyote viwili ni sumu kwa paka.

Siku ya kwanza alipokunywa kwa ulimi, bila ya mkono, tulisimama watu watatu nyuma ya pazia tukimchungulia kama watu wanaotazama mwezi wa Ramadhani.

Wako watakaouliza kama si taabu kubwa mno kwa paka. Mimi namkumbuka Sahaba Abu Qatada. Imam Malik ameipokea katika Muwatta, na Abu Daud na Tirmidhi pia, kwamba mke wa mwanawe, Kabsha, alimtilia maji ya kutawadha, paka akaja kutaka kunywa, na mzee yule akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha akashangaa, naye akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukazunguka majumbani. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii hutoa dalili hapo kuwa mabaki ya kinywa cha paka ni tohara, isipokuwa umeiona najisi kinywani mwake, kama damu ya panya. Nimeisomesha mas-ala hii mara nyingi katika mlango wa maji. Siku zote nilisimama kwenye utohara, nikapita. Ule mkono ulioinamisha chombo sikuuona.

(Na kile kisa kinachopendwa sana, cha Mtume kukata mkono wa nguo ili asimwamshe paka aliyelala juu yake, hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa. Tusikisomeshe kama Hadithi. Ya kweli yanatosha.)

Sharubu aliporejea, nililifungua tena somo lile mbele ya watoto. Nikawaambia kuwa swali niliulizwa nikalijibu vibaya, na kwamba mlango ulio wazi kuelekea mahali pasipo na maji ni sawa na mlango uliofungwa. Ulimi wangu ulikuwa mzito. Mjukuu wangu alikuwa ameinama, hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo. Kisha yule mtoto wa mjane, mwenye juzuu mpya niliyomnunulia, akauliza, "Maalim, sasa anakunywa?" Nikasema anakunywa. Wakaomba ruhusa kwenda kumtazama, nikawaruhusu, na siku ile hatukusoma tena.

Bado mara moja moja, hasa mjukuu wangu akiyajaza kupita kiasi, Sharubu hutia mkono na kuchezea. Maji huanguka kwenye sinia, na jioni mke wangu huyamwagia mrehani wake.