Kwa Lami Hadi Key West

Jumamosi, 10 Februari 2024, Key Largo

Tumetoka Miami asubuhi, shemeji akiwa kwenye usukani. Mimi mtu wa Tanga nimezoea kwamba kisiwani hakuendwi ila kwa chombo. Hapa ni lami na madaraja 42 mpaka Key West. Bahari yenyewe leo tumeiona kwa vipande tu. Kilichojaa ni mikoko, vituo vya mafuta na maduka ya vifaa vya kuzamia. Anwani ni maili. Ukiuliza mgahawa uko wapi unajibiwa "themanini na mbili," basi, hesabu ikianzia sifuri kule Key West.

Jumapili, 11 Februari, Islamorada

Tumesimama kwenye mnara wa waliouawa na kimbunga cha tarehe 2 Septemba 1935. Umechongwa minazi iliyoinamishwa na upepo, na majivu ya baadhi yao yamehifadhiwa hapohapo, hatua chache kutoka barabarani.

Kumbe njia hii ilikuwa ya reli. Henry Flagler, mshirika wa Rockefeller katika biashara ya mafuta, aliifikisha Key West mwaka 1912, akafa mwaka uliofuata. Ile tufani ndiyo iliyoikata. Waliokufa wengi walikuwa askari wa zamani wa Vita Kuu ya Kwanza. Serikali ilikuwa imewapa kibarua cha kujenga barabara na kuwalaza kwenye mahema na vibanda, tena msimu wa vimbunga! Treni ya kuwaokoa ilichelewa. Maji yakayapindua mabehewa yote, injini peke yake ikabaki wima. Kampuni ya reli haikuwa na fedha za kutengeneza upya, ikaliuzia jimbo, na mwaka 1938 magari yakaanza kupita juu ya kazi ya Flagler.

Jumatatu, 12 Februari, Big Pine Key

Daraja la Maili Saba tunalopita ni la 1982. La kale liko ubavuni, na kipande chake kimefunguliwa kwa waendao kwa miguu hadi Pigeon Key, walikopiga kambi wajenzi wa reli. Nimelitembea, shemeji amelilalamikia jua kwenda na kurudi. Bahia Honda inachekesha: ndani ya daraja la treni magari yasingepishana, basi wakajenga barabara juu ya paa lake.

Jioni tumeona kulungu wa hapa, kimo cha mbwa mkubwa. Magari hupunguza mwendo kwa ajili yao.

Jumanne, 13 Februari, Key West

Shemeji kapanga foleni apigwe picha kwenye lile boya la saruji lenye maandishi ya maili 90 hadi Kuba. Simlaumu, ila foleni yenyewe ni ndefu mno kwa saruji iliyopakwa rangi. Nimemwacha, nikaenda ufukwe wa Higgs.

Hapo pana makaburi ya Waafrika. Mwaka 1860 jeshi la wanamaji la Marekani lilikamata karibu na Kuba meli tatu za watumwa, Wildfire, William na Bogota, likawashusha hapa watu 1,432, wengi wao waliopakiwa mlango wa Mto Kongo. Wenyeji waliwaletea chakula na nguo. Hata hivyo karibu 300 walikufa na kuzikwa mchangani. Makaburi yaligunduliwa tena mwaka 2002. Walionusurika hawakurudishwa kwao. Walipelekwa Liberia, na wengine wengi wakafia njiani.