Uzio Kwanza, Mwembe Baadaye

Basi la Mwanza kwenda Musoma likishapita Lamadi, abiria wa dirisha la kulia ndiye mwenye bahati. Lango la Ndabaka, la Hifadhi ya Serengeti, liko upande huo, na siku nyingine nyumbu na pundamilia wanaonekana kutoka barabarani bila kulipa kiingilio. Mimi nilikaa kushoto kwa makusudi. Nilitaka kuona mashamba.

Mwezi wa nane mashamba ya Bunda hayana cha kuficha. Pamba imeshavunwa, na masalia yake mengine yamekwisha kung'olewa na kuchomwa. Juu ya mawe makubwa wameanika makopa ya mihogo, meupe kiasi kwamba kwa mbali unadhani ni ndege wametua. Katikati ya mawe kuna udongo wa rangi ya majivu, na juu ya udongo huo kuna mbuzi. Shamba likishavunwa huku halina mwenyewe, ni malisho ya wote. Jambo hilo nililiandika kwenye daftari kabla hata sijashuka stendi, na ndilo lililonisaidia kuelewa mengine yote.

Nyasura ni kata ya mji wa Bunda, nusu mji nusu shamba. Unapita nyumba mpya za bati na viwanja vilivyowekewa bikoni, mara unatokea kwenye mtama. Mwenyeji wangu ni mama mwenye ekari moja na nusu. Zamani familia ilikuwa na nyingi zaidi, zikagawanywa kwa watoto, nyingine zikauzwa. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda, kisha akanikataza kukikalia.

"Njoo kwanza uone ukuta wangu, mwanangu. Shamba utaliona baadaye."

Ukuta wenyewe ni uzio wa miti. Nje, kandokando ya njia, kuna minyaa ile ya siku zote, ambayo kila mtoto wa Kanda ya Ziwa ameonywa utomvu wake usimwingie machoni. Nyuma yake kuna mstari wa mkonge, kisha migunga iliyopandwa karibukaribu, miiba imeshonana. Mahali pamoja palikuwa na pengo la upana wa mkono, na pengo hilo lilikuwa somo tosha. Miti iliyokuwa mbele yake imeliwa kwa urefu uleule mmoja, kama imekatwa kwa rula. Huo ndio urefu wa mbuzi akisimama kwa miguu ya nyuma.

"Ukianza na mwembe unalisha mbuzi wa jirani," alisema. "Nilianza na mwembe mara mbili."

Ndani ya uzio ndipo mchanganyiko unapoanza. Milusina na migliricidia imesimama kwa mistari, hukatwa majani kulisha ng'ombe wa maziwa na mengine hutandazwa chini ya mihogo. Kuna mipapai, michungwa, mifenesi miwili, mparachichi unaolalamika, mgrevilea wa mbao, mwarobaini karibu na banda na mlonge nyuma ya jiko. Pamoja na miembe na migunga ya uzio nilihesabu aina kumi na moja. Katikati bado kuna mihogo na kunde, maana watu hawali kivuli.

Alichukua jembe, akachimba mahali pawili ili nilinganishe. Chini ya mgliricidia jembe liliingia bila ubishi na kutoa udongo mweusi wenye minyoo. Hatua kumi nje ya uzio liligonga kama limegonga sakafu. Shamba ni hilohilo na mvua ni ileile.

Jambo la pili alinionyesha kwenye kiriba. Alikuwa amenunua miche ya miembe kando ya barabara, imekaa sana kitaluni. Alichana nailoni taratibu, na pale chini mzizi ulikuwa umejikunja ukazunguka mara mbili, kama kamba ndani ya ndoo. Akakata kipande cha chini kwa wembe, mizizi iliyojiviringisha ikaondoka nacho. "Ukiupanda hivihivi unaota vizuri mwaka mmoja. Wa tatu unalala na upepo." Nimehudhuria sherehe nyingi za kupanda miti, na sijawahi kuona mgeni rasmi akikata mzizi.

Sherehe zenyewe zina kasoro nyingine. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa Bunda, mche uliopandwa siku hiyo una wiki chache tu za masika, halafu unaingia kiangazi cha Juni hadi Septemba ukiwa bado mtoto. Mama huyu hupanda Novemba, mvua za vuli zikishalowesha udongo, ili mti upate misimu miwili kabla ya kiangazi. Kazi ya kubeba maji anaijua. Asiyebeba ndiye anayependa kupanda wakati wowote.

Nimeona ukarabati wa ardhi wa namna nyingine, na haufanani na huu. Dodoma wanauita kisiki hai. Tangu mwaka 2018 mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit yamekuwa yakieneza kwa wakulima njia aliyoianzisha Tony Rinaudo kule Niger miaka ya 1980: hupandi kitu, unatafuta visiki vinavyochipua, unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, unafunga kitambaa kama alama na kulinda. Ni rahisi na kwa kule inafaa mno. Lakini shamba lililolimwa kwa plau ya ng'ombe miaka mingi, visiki vikang'olewa kimoja kimoja ili pamba ikae kwenye mistari, halina mengi ya kuchipua. Nyasura ni hivyo.

Shinyanga nako ni tofauti. Mwalimu Nyerere, mwenyeji wa Butiama, mwendo mfupi tu kutoka hapa, aliiita jangwa la Tanzania. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulianza mwaka 1986 na kumalizika 2004, na ulichofanya kwa sehemu kubwa ni kuwarudishia Wasukuma utaratibu wao wenyewe wa ngitili: eneo linafungwa, mifugo haiingii, nyasi na miti vinarudi vyenyewe. Kutoka hekta 600 hivi, ngitili zilifika zaidi ya hekta 300,000. Lakini ngitili inataka ardhi ya kupumzisha. Mwambie mwenye ekari moja na nusu apumzishe nusu ekari, atakuuliza watoto wapumzike na nini.

Ndugu halisi wa shamba lile yuko majini. Kutoka Bunda kuna njia ya kwenda Kisorya, kivuko hadi Rugezi, Ukerewe, kisha Bugolora, halafu Ukara, kwenye maji yaleyale kilikozama kivuko cha MV Nyerere Septemba 2018. Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, na tangu miaka ya 1930 mabwana shamba wa kikoloni walikiandika kwa mshangao. Wakara walifuga ng'ombe ndani ya nyumba, kwenye shimo, wakawaletea majani, wakabeba samadi kichwani hadi shambani. Walipanda marejea pamoja na uwele, kisha wakayafukia yawe mbolea. Kila mti ulikuwa na mwenyewe. Na hapa ndipo pa kutafakari: Wakara haohao walipohamia bara na kupata ardhi ya kutosha, wengi waliacha kazi hiyo yote wakalima kama majirani zao. Ujuzi walikuwa nao. Uhaba ndio waliouacha kisiwani.

Kihamba cha Kilimanjaro kinathibitisha hilo. Mgomba, kahawa, mti wa mruka juu yake, msesewe ambao gome lake huingia kwenye pombe ya mbege, vyote kwenye eneo dogo la ukoo. Kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na FAO mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Mchaga alirithi mchanganyiko wake. Mama wa Nyasura anaujenga mwenyewe, kuanzia kwenye miiba, kwa sababu ardhi sasa imekuwa ndogo huku pia. Ardhi ilipokuwa nyingi mti ulikuwa kikwazo cha plau.

Kwa nini aina nyingi na si moja inayolipa? Jirani yake ana mikalitusi mitupu, na alinicheka waziwazi: ameuza nguzo, amepaua nyumba. Sikuwa na jibu la kumshinda siku hiyo. Lakini Mkoa wa Mara umeshaonjeshwa hatari ya mti mmoja. Shirika la Vi la Sweden, linalohimiza kupanda miti, lilianza kazi Pokot Magharibi, Kenya, mwaka 1983 na kufika Musoma 1994. Miaka ile mlusina ulisifiwa kila mahali kuwa mti wa miujiza: malisho, kuni, mbolea. Mwaka 1992 wadudu wadogo mfano wa chawa, wanaoshambulia hasa lusina, walikuwa wameingia Afrika Mashariki, na vichipukizi vikanyauka kutoka pwani hadi bara. Mikalitusi nayo ikapata nyigu wake wa kuvimbisha majani miaka ya 2000 mwanzoni. Mlusina wa mama yule una chawa hao hata leo. Nilipouliza anafanyaje, alielekeza kidole kwenye mgliricidia. Ng'ombe wanakula ule.

Nina sababu ya kuuliza sana. Shambani kwangu Magu niligawiwa miche mia mbili ya mikalitusi, bure, mwezi wa nne, nikapiga picha nikaondoka. Mchwa walikula sehemu yao, jua likala yake, mbuzi wakamalizia. Nilipokwenda kuhesabu ilikuwa saba.

Mama alinifungia mbegu za migunga kwenye gazeti, akaniambia nizilowanishe usiku kucha kwenye maji yaliyotolewa jikoni yakiwa moto, na mbegu za fenesi nikaomba mwenyewe. Akanipokonya za fenesi.

"Hizo utazifuata mwakani, uzio ukishafunga."

Nilirudi Mwanza na mbegu za migunga peke yake.