Safari Yangu ya Ardrossan: Waya wa Chini Uliosikia Ng'ambo ya Bahari

Mtu akirudi kutoka ng'ambo huulizwa habari za majumba ya wafalme, makanisa makubwa na maduka. Mimi nami niliyaona hayo kidogo. Lakini safari ninayotaka kuwasimulia leo ilikuwa ya siku moja tu, nami nilikwenda kutazama pwani ya mji mdogo wa Scotland, mahali ambapo sikutazamia kuona mnara wala jumba. Sababu ya safari hiyo ilianzia nyumbani kwetu katika milima ya Kisii, na naomba mnivumilie niieleze kwanza.

Mimi ni karani wa serikali. Tangu siku za shule ya misheni, mwalimu wetu wa sayansi alipotuonyesha jinsi ya kuunda redio ndogo, nimependa kukaa usiku na kutafuta sauti za mbali. Si nyimbo ninazozitafuta. Furaha yangu ni kuisikia sauti hafifu, kisha kujua kwamba imevuka nchi na bahari mpaka kunifikia. Watu wa namna hii wako duniani kote, nao huitwa wanaredio wa ridhaa, kwa kuwa hawafanyi kazi hiyo kwa mshahara.

Niliamini kwamba asiye na mlingoti mrefu hasikii kitu. Basi nikanunua mabomba ya chuma, nikayaunga, nikasimamisha mlingoti wa futi 40 nyuma ya nyumba ya mama yangu. Wanaoijua Kisii wanaweza kukisia yaliyofuata, maana nchi yetu ina radi nyingi kupita kiasi. Siku moja ya masika radi iliupiga mlingoti ule, ikafuata waya uliopita karibu na zizi, ikamwua ng'ombe wa maziwa wa mama. Namshukuru Mungu kwamba hakuna mtu aliyeumia. Lakini maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa yakimlipia ndugu yangu mdogo karo ya shule. Kwa miaka miwili nililipa karo hiyo kutoka katika mshahara wangu. Mama hakunigombeza, alisema tu, "Mwanangu, chuma hicho kisisimame tena katika boma langu." Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa haki ilikuwa yake.

Baada ya hapo niliiweka redio yangu kabatini, nikabaki kusoma vitabu. Ndipo nilipokutana na habari za Bwana Paul Godley na mji wa Ardrossan. Mwaka uliofuata, nilipopelekwa Glasgow kwa mafunzo ya utunzaji wa majalada, niliona kwamba mji huo haukuwa mbali. Jumamosi moja ya Desemba nikapanda gari la moshi.

Njia ni nzuri. Gari hupita Paisley na Kilwinning, na lifikapo Saltcoats reli hukaribia bahari mno, hata siku ya upepo mawimbi hurusha maji kuelekea madirishani. Nilishuka kituo cha South Beach, nikakutana na baridi ambayo koti langu la Nairobi halikuijua. Mbele yangu palikuwa na maji ya rangi ya risasi, na ng'ambo yake kisiwa cha Arran, ambacho milima yake, wenyeji husema, ina umbo la askari aliyelala chali. Juu ya kilima mna magofu ya ngome ya kale, na chini yake bandari ambayo kwa miaka mingi meli za Arran zimeondokea. Mwani ulikuwa umetapakaa mchangani. Mzee mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa wake alinisalimu kwa adabu. Nilipomwuliza hema la Mmarekani lilisimama wapi mwaka 1921, alitabasamu akasema kwamba baba yake hakuwahi kumwambia habari ya hema lolote. Basi nikatembea peke yangu kando ya maji, nikiyawaza niliyoyasoma.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwaruhusu wanaredio wa ridhaa kutumia mawimbi ya mita 200 na yale mafupi zaidi tu. Mawimbi marefu, ambayo wakati ule yalihesabiwa kuwa ndiyo yenye faida, walipewa wenye meli, majeshi na makampuni makubwa. Wataalamu wengi waliamini kwamba mawimbi mafupi hivyo hayafai kwa safari ndefu. Ni kama mtu anayegawa shamba, akajitwalia bondeni kwenye rutuba, na jirani akamwachia jabali. Chama cha wanaredio hao, kilichoanzishwa mwaka 1914, kilitaka kuonyesha kwamba hata jabali lina mazao. Mnamo Februari 1921 walijaribu kutuma ishara zao mpaka Uingereza, wasifaulu. Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka uo huo wakamtuma mtu wao mwenyewe, Bwana Godley, avuke bahari ya Atlantiki na kusikiliza kutoka upande wa pili.

Bwana Godley alianza kusikiliza karibu na London, lakini kelele za mitambo mingine zilimzidi. Akaamua kwenda Scotland, akafika Ardrossan mwanzoni mwa Desemba. Alipiga hema katika uwanja ulio wazi karibu na bahari. Kampuni ya Marconi ilimpa mkaguzi, Bwana Pearson, ili pawepo shahidi wa yale yatakayosikika. Naliitazama mvua ya pwani ile ikija kwa mshazari kutoka Arran, na jua lilitua kabla ya saa kumi jioni. Nikajiuliza ni mtu wa moyo gani awezaye kukaa ndani ya hema usiku kucha katika hali kama hiyo, akiwa na vifaa vya kusikilizia masikioni.

Lakini lililonileta mimi huko lilikuwa waya wake. Hakusimamisha mnara. Alitandaza waya mmoja wa urefu wa futi zipatazo 1,300, ukiwa juu ya vijiti vya futi 12 tu, ukaelekezwa upande wa Marekani. Namna hiyo ya waya ilikuwa mpya. Ilibuniwa na Mmarekani Harold Beverage, aliyepata hati ya uvumbuzi wake katika mwaka uo huo wa 1921. Wala si yeye wa kwanza kushuka chini. Wakati wa vita kuu ya kwanza, James Harris Rogers wa Maryland alikuwa amekwisha kuzika nyaya zake ardhini na kusikia nazo, na jeshi la maji la Marekani likazitumia. Waya wa Beverage ulikusudiwa kwanza kwa mawimbi marefu sana. Huko Riverhead, karibu na New York, ulitandazwa mmoja wa maili tisa. Bwana Godley aliufupisha ufae mita 200.

Huenda msomaji akauliza, waya ulio chini husikiaje? Nitajaribu kueleza kama nilivyofahamu. Mawimbi ya redio yapitapo juu ya maji ya chumvi husimama wima, kwa kuwa maji hayo hupitisha umeme vizuri. Yapitapo juu ya ardhi kavu, miguu yake hukokota udongoni na kichwa hutangulia, kama mtu anayepanda mlima na mzigo mgongoni. Kwa sababu ya kuinama huko, sehemu ya nguvu zake hulala sambamba na waya, ikasafiri pamoja nao na kuongezeka hatua kwa hatua mpaka inapofikia redio. Kwa hiyo ardhi mbovu, yenye mawe na ukavu, ndiyo iliyo njema kwa kazi hii. Mwisho wa waya ulio upande wa kituo kinachotafutwa hufungwa ardhini kwa kizuizi kidogo cha umeme. Kelele zinazotoka nyuma hukimbilia kule na kumezwa na ardhi, zisirudi redioni. Waya wa namna hii haufai kwa kutuma, maana udongo hula nguvu nyingi. Lakini kwa kusikiliza, jambo kubwa si kupata nguvu nyingi. Ni kupunguziwa kelele.

Nao ulisikia. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1921, Bwana Godley alipokea ujumbe kamili kutoka kituo cha 1BCG huko Greenwich, Connecticut, umbali wa zaidi ya maili 3,000. Ulikuwa ujumbe mfupi wa kumpongeza, wenye majina ya wanaume sita waliokijenga kituo kile. Nguvu zake zilikuwa wati zipatazo 1,000, ambazo hutosha pasi moja ya umeme. Mmoja wa wale sita alikuwa Edwin Armstrong, na mashine aliyokuwa akiitumia Bwana Godley hemani ilifuata uvumbuzi wa Armstrong huyo huyo. Kabla ya majaribio kwisha, vituo zaidi ya ishirini vya Marekani vilikuwa vimesikika pale. Baadhi ya wanaredio wa Uingereza nao walisikia vichache kutoka majumbani mwao. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Novemba 1923, Mfaransa Léon Deloy na Mmarekani Fred Schnell waliongea kwa ishara, huyu akituma na huyu akijibu, toka upande mmoja wa Atlantiki mpaka mwingine. Jabali lilikuwa limezaa.

Siku hizi wapo wanaoliendea jambo hili kwa njia ya kinyume, yaani wamerudi kwenye mawimbi marefu. Mkutano wa mataifa wa mwaka 2007 uliwapa wanaredio wa ridhaa sehemu ndogo ya mawimbi ya mita 2,200 hivi, kwa masharti ya nguvu ndogo mno. Mlingoti wa kawaida wa mawimbi hayo ungehitaji urefu wa mita 550, na hakuna mtu binafsi awezaye kuujenga. Kwa sababu hiyo wengine hutandaza nyaya ndefu karibu na ardhi, na wengine hupigilia vyuma viwili udongoni, mbali kila kimoja na mwenziwe, na kuifanya ardhi yenyewe kuwa sehemu ya waya wao.

Nilirudi Glasgow usiku, nguo zikiwa zimelowa. Niliporudi Kisii sikufungua kabati kwanza. Nilikwenda kwa mama, nikamweleza habari za hema na waya, kisha nikamwomba ruhusa. Alinyamaza kitambo, akauliza, "Utapita juu ya zizi?" Nikamwambia hautapita juu ya zizi, wala hautapita kimo cha mtu aliyeinua mkono, nao utaanzia kwenye kibanda changu kilicho mwisho wa shamba. Akasema, "Mawingu yakikusanyika utaufungua?" Nikaahidi. Hiyo ndiyo ruhusa niliyopata.

Shamba letu ni dogo, kwa hiyo ilinibidi kuwaomba majirani wawili. Waya ulipita hatua 300 kando ya ua, kati ya migomba na majani ya chai, kuelekea kaskazini, na mwisho wake nikaufunga ardhini kwa kizuizi cha omu 470. Mbuzi waliukata mara mbili katika juma la kwanza. Usiku wa nne, majira ya saa sita, niliwasha redio. Ule mngurumo wa radi za Ziwa Viktoria ulioyajaza masikio yangu miaka yote ulikuwa umepungua, si kwisha, na ndani yake nikasikia sauti ya mtu akisema Kiarabu, dhaifu lakini safi. Nilipofunga waya mfupi wa zamani sauti ile ilizama. Nilipourudisha mrefu, ikarudi. Mama, aliyeona taa ikiwaka, alikuja akasimama mlangoni. Hakuuliza habari za msemaji. Alitazama juu ya paa kwanza.

Atakaye kujaribu na akumbuke mambo haya. Waya ulalao chini si salama kwa radi kwa sababu tu ni mfupi wa kimo. Waya mrefu waweza kuleta umeme kutoka radi iliyoanguka mbali. Uondoe redioni kila umalizapo, na usiuguse wakati wa mvua. Usiuvushe juu ya njia ya watu wala ya mifugo, wala karibu na nyaya za umeme. Waombe majirani ruhusa mapema, na uwaeleze kazi ya waya huo, maana mtu asiyeelezwa hudhani mabaya. Na kama ardhi yako ni ya mawe na haizai mahindi, usiikatie tamaa. Mimi na ndugu yangu mdogo, ambaye sasa amemaliza shule, tunachanga fedha za kumnunulia mama mtamba, naye ametuonyesha mwenyewe mahali pa zizi jipya, mbali na ua wenye waya.