Liberia Tuliyoisahau na Amani ya Ziwa Nyasa

Nikiwauliza wanafunzi wangu wataje nchi ambako askari wa Tanzania wamelinda amani, hutaja Kongo, Darfur, Lebanon na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ni nadra mmoja wao kuitaja Liberia. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka 1994 batalioni ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania ilipelekwa huko, mwambao wa pili wa bara hili, kusimama kati ya makundi yaliyokuwa yakichinjana tangu Desemba 1989. Safari ile ina somo ambalo hatujalisoma vya kutosha.

Vita vya Liberia vilipopamba moto, Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi iliunda jeshi la ECOMOG mwaka 1990. Nigeria ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya askari na fedha, na Charles Taylor aliliona jeshi hilo kuwa adui na si msuluhishi. Ndipo Mapatano ya Cotonou ya Julai 1993 yakataka waongezwe askari wa Kiafrika kutoka nje ya Afrika Magharibi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, Dakta Salim Ahmed Salim, ulitafuta nchi za kuitika. Tanzania na Uganda ziliitika. Umoja wa Mataifa nao ulipeleka waangalizi wake, na ikawa mara ya kwanza kwa umoja huo kuendesha ujumbe wa amani sambamba na jeshi lililokwisha kuundwa na chombo kingine.

Nia ilikuwa njema, lakini msingi ulikuwa dhaifu. Makundi yaliyotia saini hayakusalimisha silaha, na mengine mapya yakazaliwa kutokana na yale ya zamani. Fedha za wafadhili hazikutosha. Mwaka 1995 askari wetu walirejea nyumbani, na mwezi Aprili 1996 Monrovia ikawaka moto tena.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni hamponyi mwenyeji asiyetaka kupona.

Nasema hivi si kwa kusoma vitabu tu. Nilizaliwa katika mwambao wa Ziwa Nyasa, wakati eneo letu lingali sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Ukienda kusini ya Mbamba Bay unafika Msumbiji, na utoto wangu wote nchi ile ilikuwa vitani. Darasani tulikaa na watoto wa wakimbizi. Walizungumza lugha tuliyoielewa, wengine wakiwa na shangazi na wajomba katika vijiji vyetu, kwa kuwa mpaka ule uliwakuta watu wakiwa ndugu tayari. Baada ya Mkataba wa Roma wa Oktoba 1992, Umoja wa Mataifa ulipeleka ujumbe wake Msumbiji. Uchaguzi ukafanyika Oktoba 1994, na wenzetu wakaanza kufunga mizigo na kurudi kwao.

Tazama basi: mwaka ule ule wa 1994, Msumbiji ilipiga kura na Liberia ikaendelea kuungua. Msumbiji, pande mbili zilikuwa zimechoka kweli, na Renamo ilipewa njia, pamoja na fedha, ya kugeuka kutoka jeshi la msituni kuwa chama cha siasa. Liberia, bunduki iliendelea kulipa kuliko kura. Hali ilibadilika baada ya Mapatano ya Accra ya Agosti 2003. Umoja wa Mataifa uliidhinisha askari 15,000, ukakusanya silaha za wapiganaji, ukakaa hadi Machi 2018. Na mwaka 2023 Rais George Weah aliposhindwa katika uchaguzi, alikubali matokeo kabla hata hesabu haijatangazwa yote. Hilo halikufanywa na askari wa kigeni. Lilifanywa na Waliberia wenyewe.

Wamatengo wa milima ya Mbinga wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Ngoro, yale mashimo yanayoshika maji na udongo mlimani, hayachimbwi mara moja yakadumu milele. Mkulima hulaza majani, huyafukia kwa udongo, na baada ya misimu hurudia. Jirani anaweza kukusaidia siku moja. Mteremko unabaki kuwa wako.

Kwa nini niyaseme haya leo? Kwanza, kwa sababu ya damu. Julai 2013 askari wetu saba waliuawa Darfur. Desemba 2017, huko Semuliki mashariki mwa Kongo, tulipoteza askari wasiopungua 14 katika shambulio moja. Kundi la M23, ambalo askari wetu walishiriki kulishinda mwaka 2013, liliuteka tena mji wa Goma Januari 2025. Wazazi wa marehemu hao wana haki ya kuuliza: nafasi iliyopatikana kwa uhai wa watoto wetu, wanasiasa waliitumia kufanya nini?

Pili, kwa sababu ya ziwa letu. Mwaka 2012 mgogoro wa mpaka na Malawi ulipamba moto, tukibishana juu ya mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890. Mwaka uliofuata, askari wa Tanzania na Malawi walikuwa bega kwa bega Kongo, katika brigedi moja. Ikiwa tunaweza kufa pamoja kwa ajili ya amani ya wengine, tushindweje kukaa mezani kwa ajili ya wavuvi wetu?

Ninapendekeza jambo moja. Kila kikosi kinapokwenda, Bunge lielezwe wazi ni mapatano gani kinakwenda kuyalinda na nani aliyayakubali kwa dhati. Na kinaporudi, taarifa isomwe hadharani, ili mwanafunzi wa Mbinga aisome. Taifa linalotuma vijana wake mbali kiasi hicho halina udhuru wa kusahau waliyoyakuta huko.